Usitie tiki kabla hujasoma: kwa wadogo zangu mlioanza kazi mwaka huu

Jana mchana kantini niliona fomu za bima ya afya zikizunguka mezani pamoja na sahani za wali maharage. Kijana mmoja akatia tiki kwenye kisanduku cha "Hakuna mabadiliko", akasaini, kisha akaivuta ya mwenzake aliyekwenda kunawa akaisaini na hiyo. "Ni zilezile za mwaka jana," akasema. Mwaka jana hakuwepo. Ameajiriwa Aprili, na mkewe amejifungua Septemba.

Nilitaka kumnyang'anya kalamu. Nikajizuia kwa sababu alikuwa na njaa, na nje foleni ya malori ya korosho ilikuwa inamsubiri. Kwa hiyo naandika. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili kwenye kazi hii ya ghala la korosho hapa Mtwara, na kila Novemba ni yaleyale: meli ziko bandarini, sisi hatulali, waraka wa mafao unatoka na watu wanausaini kama wanapokea soda.

1. Waraka wa Novemba ni mkataba mpya. Kila mwaka mwajiri anakaa na kampuni ya bima wanapatana bei, na bei ikipanda lazima kitu kipungue: limiti, yaani kiwango cha juu ambacho bima inalipa, ya matibabu yasiyo ya kulazwa, meno, miwani, idadi ya wategemezi, au hospitali fulani inatolewa kwenye orodha. Ukitia tiki "Hakuna mabadiliko" umesema familia yako ni ileile iliyo kwenye mfumo. Mfumo haujui kama umeoa wala kama umezaa.

Mimi binti yangu wa pili alizaliwa Agosti 2020. Waraka ulipotoka Novemba ulikuwa na kurasa tatu. Nilisoma kichwa chake tu, nikatia tiki, nikasaini nimesimama, karatasi nimeilaza juu ya gunia. Mtoto alinijia akilini. Nikajiambia cheti chake sijakifuata, nitamwandikisha nikikipata. Desemba mke wangu akaniuliza, "Kadi ya mtoto imetoka?" Nikamjibu, "Iko kwenye mchakato." Hakukuwa na mchakato wowote. Jibu lile linaniuma mpaka leo kuliko fedha zilizotoka.

Januari, saa nane usiku, mtoto akashikwa na degedege. Macho yaligeuka, mwili ukakakamaa ndani ya kanga ya mama yake. Tukapanda bodaboda hadi hospitali ya binafsi iliyokuwa kwenye orodha yetu. Daktari alimpokea palepale, namshukuru. Mimi nikaenda dirishani na kadi yangu. Dada wa mapokezi akaandika namba, akasubiri, akaiandika tena, kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome mwenyewe. Majina matatu: langu, la mke wangu, la mtoto wetu wa kwanza. "Baba, huyu mtoto hayumo." Alisema kwa sauti ya chini, lakini mke wangu alikuwa kwenye benchi nyuma yangu, akasikia. Hakusema neno. Aliikunja kanga iliyolowa, akaiweka mapajani, akaendelea kuutazama mlango wa chumba cha daktari.

Ilikuwa malaria kali. Siku nne wodini, na damu aliongezwa. Bili ikafika shilingi 780,000, na kwenye simu nilikuwa na 62,000. Kulipokucha nikampigia mama mkwe, Tandahimba. Fedha zake za mnada wa korosho zilikuwa zimeingia na zilikuwa na kazi yake tayari: mabati, maana makuti ya upande wa chumbani yalikuwa yameoza. Hakuuliza bima imekuwaje. Aliuliza kitu kimoja, mtoto ananyonya? Saa mbili asubuhi fedha zikaingia.

Binti yangu alipona, sasa yuko darasa la awali, na kelele zake mnazijua maana nimekuja naye ghalani mara mbili. Lakini mvua za huku kwetu mnazijua pia. Nilipokwenda Tandahimba mwezi Machi nilikuta beseni la bluu kando ya kitanda cha mama mkwe, maji yamefika nusu, na tone likidondoka mbele yangu. Alilivuta kwa mguu likasogea chini ya kitanda ili nisilione. Nilimrudishia fedha zake kwa miezi saba, na mabati yakasubiri msimu mwingine.

Ofisi ya utumishi nilikwenda kulalamika. Walinisikiliza mpaka mwisho, kisha wakatoa fomu: tiki ipo, saini ipo. Ukurasa wa pili wa waraka ulisema wazi kwamba mtoto mchanga aandikishwe ndani ya siku 30 tangu kuzaliwa, au mkataba unapohuishwa. Ukivipitisha vyote viwili, unangoja mwaka unaofuata. Mwaka mzima wa 2021 nilimtibu binti yangu kwa fedha taslimu.

2. Cheti kisiwe kisingizio. Mtoto wa chini ya miaka mitano huku Mtwara na Lindi anasajiliwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, bila malipo.

3. Likizo za uzazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa baba angalau siku 3 zenye malipo, na zinachukuliwa ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Mwenzetu wa mizani, mkewe alikwenda kujifungulia kwa wazazi wake Newala, yeye akaamua kuzitunza siku zake mpaka meli iondoke. Meli iliondoka siku ya tisa. Alipoomba ruhusa akaambiwa muda umepita, akamwona mwanawe Jumapili, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na amempakata kwa nusu saa tu. Meli zitakuja nyingine, jamani. Omba siku zako. Akina dada, kwenu ni siku 84, au 100 kama ni mapacha, na taarifa unaitoa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe unayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Ukirudi kazini una haki ya kwenda kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Msimamizi akinuna, mwonyeshe sheria.

4. Mliotoka serikalini, sahauni mliyoyazoea. Kule kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya mlikatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akaweka 3, na kadi ikawabeba wewe, mwenza na wategemezi wanne, wazazi wakiwemo. Bima yetu hapa ni mwenza na watoto tu. Mwalimu mmoja aliyehamia kwetu alimwahidi baba yake, mzee wa Nachingwea, kwamba mtoto wa jicho atatolewa kwa kadi mpya. Mzee akasafiri mpaka mjini na fimbo yake, akarudi vilevile haoni. Uliza kwanza, ndipo umwahidi mzee.

5. Orodha ya hospitali isome kila mwaka, na usiishie za Mtwara. Ukipewa rufaa ya Dar unasafiri zaidi ya kilomita 500, na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoleta mafuriko, barabara ilikatika Somanga. Ujue mapema ni hospitali gani ya huku kusini inaipokea kadi yako kwa ugonjwa mkubwa, na ukifika Dar uende ipi. Orodha inaweza kubadilika hata katikati ya mwaka. Machi 2024, Mfuko wa Taifa ulipoanza kutumia kitita kipya cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei inazolipia, baadhi ya hospitali za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake. Namba ya simu ya huduma kwa wateja iko nyuma ya kadi. Piga kabla hujatoka nyumbani.

6. Limiti ya miwani haihamii mwaka ujao, itumie kabla ya Desemba kuisha.

Fomu zinarudishwa Ijumaa saa kumi jioni. Mchana nitakuwa ghala la tatu, karibu na mizani. Njoo na fomu yako na kadi ya kliniki ya mtoto, tuupitie waraka pamoja mstari kwa mstari, robo saa inatosha. Na wewe uliyesaini ya mwenzako jana, mrudie leo umwambie, aichukue utumishi aijaze upya kwa mkono wake. Kisha ujaze ya kwako. Mtoto wa Septemba hayumo.