Jibu: Vidonge vya homoni na jasho la usiku

Pole dada. Umesema una miaka 51, umemeza estrojeni (homoni ya kike) wiki tatu kwa ajili ya jasho la kukoma hedhi, na bado unaamka shuka limelowa. Kwanza, kizazi bado unacho? Kama unacho na hukuandikiwa projesteroni (homoni ya pili inayolinda kizazi), rudi kwa daktari wiki hii hii. Estrojeni peke yake hunenepesha ukuta wa kizazi na inaweza kuleta saratani. Halafu wiki tatu ni chache, mimi nilitulia nilipofika mwezi wa tatu wa kumeza. Kwa sababu ya presha nilihamishiwa plasta ya homoni ya kubandika pajani, maana vidonge vina hatari zaidi ya kugandisha damu. Kwa joto la Dar ikawa inabanduka kila siku, nikaishia kwenye jeli ya homoni ya kupaka. Uliwahi kupata saratani ya matiti? Mwambie daktari kabla ya yote.