Maswali na Majibu: Chuma Siku, Usiinyakue

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza juu ya misemo ya Kilatini. Nimezichagua sita.

Shikamoo mwalimu. Nyuma ya bajaji moja hapa Morogoro pameandikwa "Carpe diem". Kijana wangu anasema maana yake ni kula raha leo kwa sababu kesho haijulikani. Ni kweli?

Marahaba. Kijana amepata nusu. Maneno hayo ni ya mshairi wa Kirumi Horatius, katika mashairi aliyoyatoa mwaka 23 KK. Anamwambia mwanamke aitwaye Leuconoe aache kupiga ramli za Wababeli ili ajue siku ya kufa kwake. Achuje divai yake (imo, siifichi), apunguze matumaini marefu, maana hata sasa tunavyozungumza muda unatoroka. Halafu anamaliza: *carpe diem, quam minimum credula postero*.

Kitenzi *carpere* ni cha shambani, Warumi walikitumia kwa matunda na maua. Waingereza wameizoesha dunia tafsiri yenye maana ya kunyakua, kana kwamba siku ni mkoba wa kuporwa stendi. Sisi tunalo neno lenyewe, tena bila kuzunguka: chuma. "Chuma siku, na kesho uiamini kidogo kadiri uwezavyo." Mchumaji hutazama kwanza kama tunda limeiva, akalishika, akalizungusha kikonyo kikaachia. Na kwa Kiswahili kuchuma ni kutafuta riziki pia, jambo ambalo Horatius hakulifikiria, lakini kwa dereva wa bajaji linafaa sana.

Katika mkutano mgeni mmoja alitusifu kwa msemo "Ex Africa semper aliquid novi". Tulipiga makofi. Tulisifiwa kweli?

Tafsiri yake ni "Kutoka Afrika daima huja kitu kipya", na mgeni wenu bila shaka alikuwa na nia njema. Lakini asili yake inastahili kujulikana, hasa na sisi.

Aliyeufikisha msemo huu kwa Warumi ni Plinius Mkubwa, yule aliyekufa mwaka 79 BK wakati mlima Vesuvius ulipolipuka. Umo katika kitabu cha 8 cha ensaiklopidia yake ya viumbe na maumbile, mahali anapozungumzia simba. Anaeleza kwamba Afrika maji ni haba, kwa hiyo wanyama wa kila aina hukusanyika kwenye mito michache, na hapo hupandana bila kujali ukoo, ndiyo maana huzaliwa viumbe vya maumbo ya ajabu. Kisha anasema kwamba kutokana na hilo Wagiriki wana msemo wao: Afrika kila mara huleta jambo jipya. Aristoteles, mwanafalsafa wa Kigiriki, alikuwa ameutaja zaidi ya miaka 300 kabla yake, na yeye aliliita bara hili Libya, kama Wagiriki wa enzi zake. Mpangilio wa maneno aliousema mgeni wenu ulikuja baadaye.

Basi hilo "jipya" halikuwa muziki wetu wala uvumbuzi wetu. Lilikuwa vioja vya wanyama, na sababu aliyoitoa Plinius haikuwa kweli. Ushahidi wa fikra hiyo tunao hadi leo kwenye jina la kisayansi la twiga, *camelopardalis*: ngamia upande mmoja, chui upande mwingine. Plinius anaandika kwamba twiga alionekana Roma kwa mara ya kwanza katika michezo aliyoiandaa Kaisari. Warumi walimtazama mnyama ambaye hapa kwetu ana jina lake mwenyewe, wakamwona ni mchanganyiko wa wengine wawili. Mimi jambo hilo hunigusa kila nikiliwaza. Makofi yenu hayakupotea, ila mgeni akirudi mweleze habari ya twiga.

Mwanangu wa kidato cha tano ameandika kwenye insha "Errare humanum est". Mwalimu wake amesema msemo haujakamilika. Unamaliziwaje?

Mwalimu yuko sahihi. Kukosea ni ubinadamu, huo ni mwanzo tu. Nusu ya pili huja kwa namna mbalimbali, na ninayoipenda ni ya Cicero, mwanasiasa na msemaji wa Kirumi, mwaka 43 KK, mbele ya Seneti: kukosea ni kwa mtu yeyote, ila hakuna ang'ang'aniaye kosa isipokuwa mpumbavu. Uzito wake uko katika mahali aliposimama. Alikuwa amekubali kuwa mmoja wa wajumbe wa kwenda kupatana na Marcus Antonius, jemadari aliyekuwa akipigana na upande wa Seneti, kisha akarudi hadharani kusema tulidanganyika, siendi. Alikuwa akijisema mwenyewe.

Wahenga wetu wamesema hilohilo bila kumsoma Cicero: kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Mwanao aandike misemo yote miwili.

"Habeas corpus" ni kudai maiti? Jirani alisema wakili ameipeleka mahakamani kwa ajili ya kaka yake, tukaanza kulia.

Poleni kwa mshtuko huo. Hapana, si maiti. *Corpus* ni mwili, uwe hai au mfu, na hapa ni mtu aliye hai na roho yake. Anayeambiwa *habeas*, yaani "uwe naye", ni yule anayemshikilia: mlete mtu huyo mbele ya jaji, ueleze unamshikilia kwa sheria gani. Sheria maarufu ya Uingereza juu ya amri hiyo ni ya mwaka 1679. Katika Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 51 inampa aliyezuiliwa haki ya kuiomba, na ibara ya 25 inaiweka miongoni mwa haki chache ambazo haziwezi kuwekewa mipaka. Wakili akiipeleka, anamtafuta kaka akiwa hai.

Ni kweli neno "basi", la gari, lina Kilatini ndani yake?

Kweli kabisa. Ni mkia wa *omnibus*, "kwa ajili ya wote". Gari la wote likakatwa kichwa, ikabaki *bus*, nasi tukaiongezea irabu.

Tumefiwa na mjomba na shangazi kwa pamoja. Kwenye msalaba tunataka R.I.P., lakini wengine wanasema ni Kiingereza, na wengine kwamba haifai kwa watu wawili.

Poleni sana na msiba. Ni Kilatini, *requiescat in pace*, "apumzike kwa amani", na imetokea tu kwamba tafsiri ya Kiingereza inaanza kwa herufi zilezile. Kwa wawili kitenzi huwa *requiescant*, herufi hazibadiliki, kwa hiyo hamtakosea. Ila maneno haya Wakatoliki tunayo siku zote kwa lugha yetu, mwishoni mwa sala ile: Raha ya milele uwape ee Bwana, na mwanga wa milele uwaangazie. Wapumzike kwa amani. Kama msalaba una nafasi, mwambieni fundi aandike hayo matatu ya mwisho kwa herufi zake zote.