Kabla Hujalipa Karo ya Chuo cha Uuguzi, Uliza Jina la Mwanao Litaandikwa Wapi

Wiki iliyopita baba mmoja anayeishi Bombo aliniandikia hivi: "Sista, binti yangu amepata matokeo yake ya S.4 (kidato cha nne). Fizikia haikwenda vizuri. Kuna chuo karibu na stendi ya teksi kimemkubali hivyo hivyo. Atasoma miezi tisa awe msaidizi wa muuguzi, halafu watampandisha moja kwa moja kwenye cheti. Wanataka laki nane kabla ya Ijumaa. Nilipe?"

Nilimjibu kwa neno moja, usilipe, kisha nikakaa na simu mkononi mpaka zamu yangu ya usiku wodini ilipoanza, kwa sababu ujumbe ule ungeweza kuandikwa na baba yangu mzazi mwaka 2012. Makala hii ni sehemu iliyobaki ya jibu langu kwake, na kwa kila mzazi wa Uganda ambaye mtoto wake anataka kuvaa sare nyeupe.

Nilizaliwa katika nyumba za askari mjini Jinja. Baba alikuwa sajini, Mlugbara wa Arua, na mama ni Msamia wa Busia, kwa hiyo lugha iliyotulea nyumbani ni Kiswahili. Nilipomaliza S.4 mwaka 2011 nilikuwa na alama za kutosha, na sikuwa na haja ya kupita mlango wa nyuma, lakini hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kusoma uuguzi ambaye angetueleza mlango wa mbele uko wapi. Tulikwenda kwenye chuo tulichokiona. Kilikuwa ghorofa yenye vioo, wasichana waliovaa sare za waridi walikuwa wamepanga mstari uani, na ndani ya ofisi palikuwa na kiunzi cha mifupa ya plastiki kikiwa kimetundikwa kando ya meza. Ukutani palikuwa na hati yenye nembo ya taifa ndani ya fremu. Baba, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha amri za gwaride, aliiona nembo ile, akasimama wima mbele yake kama anavyosimama mbele ya bendera, akaniambia, "Hapa ni pa serikali." Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba hati ile ilikuwa ya kusajili kampuni. Mwenye chuo alikuwa ameandikisha biashara yake, jambo ambalo hata mwenye duka la saruji hulifanya, na hati hiyo haikusema lolote kuhusu ruhusa ya kufundisha uuguzi.

Baba aliuza mbuzi watatu wa mama na kuchukua mkopo katika chama cha akiba ili kulipa karo ya muhula wa kwanza, shilingi 950,000, mbali na sare, godoro na ndoo. Nilisoma pale miezi kumi na minne. Tulijifunza kuchoma sindano kwa kutumia machungwa, tulinakili majina ya mifupa ubaoni, na mara mbili tu tulipelekwa hospitalini, ambako tulisimama mlangoni mwa wodi kwa sababu chuo hakikuwa na makubaliano yoyote na hospitali ile. Kila tulipouliza kuhusu indeksi, yaani namba ambayo mwanafunzi wa uuguzi hupewa na Baraza la Wauguzi na Wakunga, na ambayo bila yake hawezi kukaa katika mtihani wa taifa, mkuu wa chuo alijibu kwamba zinakuja. Siku moja mimi na wenzangu wawili tulichanga nauli tukaenda Kampala, katika ofisi za Baraza, kuuliza wenyewe. Mama aliyetupokea alilitafuta jina la chuo chetu, akalitafuta tena kwa tahajia nyingine, kisha akafunga daftari taratibu, akatuuliza kama wazazi wetu wanajua tuko pale. Hakututukana wala hakutusuta. Nadhani angetukemea ningeumia kidogo kuliko nilivyoumia kwa upole ule.

Niliporudi nyumbani baba aliniuliza swali moja tu: "Jina lako halimo?" Nikamjibu kwamba halimo. Alichukua sare yangu ya waridi, akaikunja kwa mikunjo iliyonyooka kama ya kijeshi, akaiweka juu ya kabati, na mpaka alipofariki hakulizungumzia jambo hilo tena. Kimya kile bado kinaniuma. Hakunilaumu mimi, alijilaumu yeye, na kosa halikuwa lake.

Ndiyo maana ninawaambia wazazi waanze na majina kabla ya majengo. Nchini kwetu uuguzi ni taaluma inayolindwa kwa sheria; Sheria ya Wauguzi na Wakunga ya mwaka 1996 ndiyo inayolipa Baraza la Wauguzi na Wakunga (UNMC) mamlaka ya kuandikisha wauguzi na kuwapa leseni. Mitihani ilikuwa chini ya bodi ya mitihani ya wauguzi na wakunga, UNMEB, na baada ya sheria mpya ya elimu ya ufundi ya mwaka 2025 kazi hiyo imehamia kwenye bodi mpya ya tathmini ya taaluma za afya, UHPAB. Mtoto wako atapita katika mikono ya vyombo hivi viwili atake asitake: kimoja kitamwandika na kingine kitamtahini. Chuo kisichotambuliwa navyo kinaweza kumfundisha kwa bidii, kinaweza hata kuwa na walimu wazuri, na bado atatoka mikono mitupu. Nenda ofisini, au mpigie mtu aliyeko Kampala aende kwa niaba yako, utaje jina kamili la chuo na jina la kozi unayotaka. Ninasisitiza jina la kozi, kwa sababu chuo kinaweza kuruhusiwa kufundisha ukunga peke yake na huku kinapokea wanafunzi wa uuguzi. Kisha uwaulize wanafunzi wa mwaka wa pili wa chuo hicho wakuonyeshe indeksi zao. Mwanafunzi aliye nayo huitaja bila kutazama karatasi.

Na kuhusu msaidizi wa muuguzi, nitasema wazi bila kumung'unya maneno. Baraza halimtambui. Hakuna daraja linalomvusha mtu kutoka miezi tisa hiyo kwenda kwenye cheti. Anayetaka cheti cha uuguzi huanza mwanzo, kwa miaka miwili na nusu, akiwa na ufaulu wa S.4 katika Kiingereza, Hisabati, Biolojia, Kemia na Fizikia. Stashahada ya moja kwa moja huchukua miaka mitatu baada ya S.6, na mwenye cheti aliyekwisha kufanya kazi anaweza kuifikia kwa mwaka mmoja na nusu. Mtu akikuambia ana njia fupi kuliko hizi, muulize ni nani atakayetia saini leseni ya binti yako.

Novemba 2013 nilianza upya, safari hii katika chuo cha hospitali ya misheni upande wa mashariki, baada ya kuuza nyanya na mama sokoni kwa miezi kadhaa. Majengo yake yalikuwa ya mabati yenye kutu na mabweni yalivuja. Ningekiona mwaka 2012 ningekipita bila kugeuka. Lakini ukitoka darasani ulikuwa umeingia wodini, na hilo ndilo lililonifanya muuguzi.

Nitakumbuka daima usiku mmoja wa mwaka wangu wa pili katika wodi ya watoto. Aliletwa mtoto wa miaka mitatu mwenye malaria kali, viganja vyeupe kwa upungufu wa damu. Mkufunzi wetu wa wodini aliniambia nihesabu pumzi zake. Nilitazama kifua kwa muda mfupi nikaandika 40. Hakusema kitu. Alivuta kiti, akaiweka saa yake juu ya shuka, akahesabu dakika nzima mbele yangu, akaandika 58 pembeni ya namba yangu bila kuifuta. Kisha akaniita nimsaidie kuandaa damu. Namba zile mbili zilibaki katika faili lile zikiwa zimekaa sambamba, na tangu usiku ule sijawahi kukisia pumzi za mgonjwa. Jambo hilo halifundishwi na chungwa wala kiunzi cha plastiki. Linahitaji mtoto anayeumwa, mama anayelia, na mwalimu aliyesimama nyuma yako saa nane za usiku.

Ukiangalia historia ya mafunzo haya nchini utaona kwamba vyuo vyetu vikongwe vilizaliwa wodini. Mengo, jijini Kampala, ilianza kama hospitali mwaka 1897 chini ya Daktari Albert Cook, na mkewe Katharine, ambaye mwenyewe alikuwa muuguzi, ndiye aliyesimamia mafunzo ya wakunga baadaye. Lacor kule Gulu ilifunguliwa mwaka 1959 na shule yake ya uuguzi ikafuata mwaka 1973. Wagonjwa walitangulia, wanafunzi wakaja baadaye. Siku hizi mtu hujenga madarasa kwanza, kisha hutafuta hospitali ya kuwasukumia wanafunzi wake, na mara nyingi hospitali hiyo hiyo imekwisha kupokea wanafunzi wa vyuo vingine vingi, kiasi kwamba kitanda kimoja kinazungukwa na wanafunzi kumi na mgonjwa anageukia ukutani kwa aibu. Kwa hiyo uliza: wanafunzi wanafanya mazoezi wapi, hati ya makubaliano na hospitali hiyo iko wapi, na ni nani anayesaini kitabu chao cha vitendo? Kituo cha afya cha ngazi ya tatu kina wodi ya uzazi na kinafundisha mengi mema, lakini upasuaji wa kumtoa mtoto huanzia ngazi ya nne, na mwanafunzi ambaye hajawahi kuona chumba cha upasuaji atauona upungufu huo siku atakapoajiriwa.

Kuna swali jingine ambalo wazazi hawaliulizi, nalo ni la usalama. Mwaka 2000 Ebola ilipoingia Gulu, wanafunzi wa uuguzi wa Lacor walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kufa hospitalini pale, kabla ugonjwa haujajulikana ni nini, na Desemba mwaka huo Daktari Matthew Lukwiya, aliyeongoza mapambano hayo, naye akafariki. Ninayaandika haya kwa heshima, nikijua kwamba ninavaa sare ile ile waliyokufa nayo wasichana wale. Mwanafunzi hugusa damu kabla hajawa na mshahara. Uliza kama chuo kinahakikisha wanafunzi wamechanjwa homa ya ini aina ya B, dozi zote tatu, kabla ya kuingia wodini, na nani hununua glavu. Katika chuo changu cha kwanza glavu zilikuwa katika orodha ya vitu vya kuja navyo, pamoja na fagio.

Nilimaliza cheti mwaka 2016, nikaanza stashahada mwaka 2019, nikakwamishwa na kufungwa kwa vyuo Machi 2020, nikamaliza. Leo nina wodi ninayoisimamia na wanafunzi wananijia kutoka vyuo vitatu. Ninasema kwa fahari kwamba ndani ya wiki moja ninaweza kukuambia yupi ametoka wapi. Hawapishani kwa akili. Wengine walipewa wagonjwa mapema na wengine walipewa maelezo tu, na inaniuma kuona msichana hodari, mwenye moyo wa kazi, akitetemeka kutafuta mshipa katika mwaka wake wa mwisho kwa sababu wazazi wake walilipia vioo vya ghorofa.

Wazazi wenzangu, acheni kuchagua chuo kwa sababu kiko karibu na nyumbani, au kwa sababu kinakubali karo kidogo kidogo, au kwa sababu binti wa jirani yupo pale. Acheni kukimbizwa na tarehe. Chuo halali kina muhula wake wa kupokea wanafunzi na kitakuwepo muhula ujao. Anayekwambia nafasi inaisha Ijumaa anaogopa kwamba Jumamosi utakuwa umeshauliza. Na tafadhali, mtoto akirudi likizo, msimuulize alama tu. Muulizeni amemhudumia nani. Akikosa jibu kwa mihula miwili mfululizo, pandeni gari mwende mkaone wenyewe.

Yule baba wa Bombo alinijibu siku ya pili. Alinitumia picha ya karatasi ya matokeo ya binti yake, ya mtaala mpya wenye herufi, na Fizikia ilikuwa D. Dalali wa chuo alikuwa amemwambia kwamba hiyo ni kufeli na kwamba hakuna chuo kingine kitakachompokea, naye mzee, aliyezoea madaraja ya zamani ya namba, akaamini. Nimemwomba asimsikilize dalali wala asinisikilize mimi juu ya herufi ile, bali aipeleke karatasi yenyewe kwenye ofisi ya usajili ya chuo kinachotambuliwa, isomwe na mwenye kazi yake. Alhamisi sina zamu. Tumekubaliana kukutana Kampala saa tatu asubuhi, yeye na binti yake, na tutaanzia kwenye ofisi za Baraza.