Kabla hujanunua mbuzi, ikalie kwanza

Nilipoanza kujipikia mwenyewe hapa Tanga, nilinunua mashine ya kukunia nazi, ile ya kubana mezani na kuzungusha kwa mkono. Niliipendea kung'aa kwake. Wiki ya pili kibano kikalegea, kizio cha nazi kikaniponyoka, meno yakanichana kidole gumba. Jioni ile tulikula maharage bila tui. Kesho yake nikaenda mtaa wa Ngamiani kutafuta mbuzi ya kukunia nazi, ile ya kukalia.

Nikauliza bei. Fundi akasema, "Kaa kwanza, mwanangu. Bei haikimbii." Nikakaa, akanipa kizio, nikakuna. Mbuzi haikutikisika hata kidogo. Nimekulia jikoni penye mbuzi, lakini siku ile ndiyo niliyoitazama.

Mbao mbili zimepishana, mmoja umepenya tundu la mwenzake. Ukizitanua umepata kigoda. Ukizikunja, unakitundika ukutani. Kibano cha nini, wakati anayekuna ndiye uzito wenyewe? Ulimi wa chuma umechomoza mbele, na ncha yake ya meno ni ya mviringo kwa sababu tumbo la kizio nalo ni mviringo, basi meno yanafika kila pembe bila kuuumiza mkono. Nazi inadondokea kwenye sinia iliyo chini yake. Na yale maua madogo? Fundi aliyachonga ubavuni, mahali ambapo hayamsumbui aliyekaa. Mimi naona huo ndio ufundi hasa.

Kwa hiyo ukienda kununua, usione haya kuikalia mbele za watu. Tingisha ulimi, ukicheza, iache. Ikunje na kuikunjua mara kadhaa usikie kama inakwama. Chungulia chini ya ncha, sinia yako itaenea? Na ukishafika nyumbani, ikune nazi mpaka uione ngozi yake ya kahawia, hapo simama, la sivyo tui litaharibika rangi.

Jicho hilohilo lipeleke kwenye kifumbu cha kuchujia tui na upawa. Upawa wa kifuu wenye mpini wa mti hauunguzi mkono wala haukwaruzi sufuria, nami sijaona mwiko wa dukani unaoushinda kwa mchuzi.

Mbuzi yangu ilikuwa ndefu kidogo, miguu yangu ikining'inia. Nikamwambia fundi. Akachukua msumeno, akapunguza miguu ya mbuzi kiasi cha vidole viwili, akaniambia nikae tena.