Kabla ya kuilaumu programu, tazama saa: niliyojifunza nikisimbua FT8

Usiku wa tatu nilikuwa bado natazama dirisha tupu. Programu ya WSJT-X iko wazi, ile inayogeuza kuwa maandishi sauti za FT8, yaani ujumbe mfupi ambao wapenzi wa redio hutumiana kwa kompyuta. Redio inanguruma, na kwenye lile dirisha la rangi ambalo mawimbi hushuka kama maji ya maporomoko, michirizi ya manjano imejaa tele. Watu walikuwepo hewani, nawaona kwa macho na kuwasikia kwa masikio. Lakini pale panapotakiwa kuandikwa maneno yao hapakuandikwa hata herufi moja. Nilishaifuta programu na kuiweka upya mara mbili, nikabadili kila setingi niliyoikuta.

Aliyenitoa hapo hajawahi kuitumia programu hiyo maishani mwake. Ni mzee wa mtaani kwetu hapa Tanga, zamani ofisa wa redio melini. Nilimpa shikamoo yake, nikamweleza yaliyonisibu. Akavuta kiti, akavua saa ya mkononi na kuiweka mezani.

"Mwanangu, funika hiyo skrini kwanza. Sikiliza."

Tukasikiliza. FT8 ina sauti yake: kama filimbi nyingi zinazopigwa ndani ya mtungi, zinapanda na kushuka kidogo kidogo, kisha zote zinanyamaza kwa mkupuo, halafu zote zinaanza tena. Mzee akawa anagonga meza kwa kidole kila zinapoanza.

"Wameanza. Sekunde sifuri. Haya, ngoja... wameanza tena. Saa yangu inasema kumi na tano. Ya kompyuta yako inasema ngapi?"

Ilisema kumi na moja.

Sekunde nne tu, na ndizo zilizonilaza macho siku tatu. Katika FT8 kila dakika imegawanywa mafungu manne ya sekunde 15. Anayetuma huanza mwanzoni mwa fungu, hutuma kwa sekunde 12.64, hunyamaza, na hapo ndipo kompyuta ya msikilizaji hukaa chini kuchambua ilichokinasa. Saa yako ikipishana na ya wenzako kwa zaidi ya sekunde mbili hivi, programu inakata ujumbe katikati kama mtu anayerarua barua kabla ya kuisoma. Laptopu yangu ni ya zamani na hukaa wiki nzima bila intaneti, kwa hiyo saa yake ilikuwa imeteleza polepole bila mimi kujua. Niliwasha mtandao wa simu, nikairuhusu kompyuta ilinganishe saa (bando linalotumika hapo ni dogo mno), nikasubiri fungu lijalo. Mistari kumi na mmoja ikashuka kwa pamoja. India, Italia, Uhispania, na mmoja kutoka Japani. Mzee alisimama kabisa ili asome vizuri.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwako unayeanza si setingi yoyote ya programu. Programu hizi ni hodari kuliko unavyodhani. FT8 ilitoka mwaka 2017, na walioibuni ni Steve Franke na Joe Taylor. Herufi F na T ni za majina yao. Taylor huyo ndiye aliyepata Nobeli ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse kwa kugundua pulsa, nyota inayotoa mawimbi ya redio kwa mapigo, inayozunguka na nyota mwenzake. Ni mtu aliyezoea kuchimbua mawimbi dhaifu kutoka ndani ya kelele za anga, na ujuzi huo ameuingiza humu. Ukiona ripoti ya desibeli hasi 20, maana yake mawimbi ya mtu yule yana nguvu sehemu moja tu ya mia ya kelele iliyopo ndani ya dirisha lote la herzi 2500, na bado jina lake limesomeka. Sikio haliwezi kufika huko. Ila programu inasoma unachoipa tu, na makosa mengi hutokea kabla sauti haijaifikia.

Baada ya saa, angalia ukali wa sauti. Hapa wengi tunadhani kuongeza ndiyo dawa. Kumbe mawimbi yenye nguvu yakigonga juu yanachafua dirisha zima, na wale dhaifu wanazama. Kushoto chini kuna kipimo chenye namba za desibeli. Sogeza masafa ya redio pembeni kidogo pasipo na mtu, pabaki kelele tupu, kisha punguza au ongeza mpaka kipimo kisimame kwenye 30 hivi. Ukishapapata, usiguse tena.

Kelele za nyumbani ndizo zilizonichosha kuliko yote, na nadhani ndizo zitakazokusumbua na wewe, kwa jinsi nyumba zetu zilivyo sasa. Chaja za simu, taa za LED, king'amuzi cha televisheni, kidhibiti cha chaji ya sola, inveta: vyote vinatema mawimbi. Kanuni ninayotumia ni rahisi. Mstari ulionyooka kwenye dirisha la rangi bila kukatika ni uchafu wa nyumbani. Mchirizi mfupi unaokatika kila robo dakika ni mtu. Siku moja tumia laptopu kwa betri yake, zima swichi kuu ya umeme, kisha washa kimoja kimoja huku unatazama. Kwangu ilikuwa inveta. Nilipoiwasha, dirisha zima lilikuwa kama limemwagiwa mchanga. Sasa hivi nikitaka kusikiliza naizima, na antena nimeihamishia uani mbali na nyaya za nyumba. Antena yenyewe ni waya wa kawaida wa umeme uliokatwa vipande viwili vya mita 5 kila kimoja, vikavutwa kulia na kushoto, katikati ukatoka waya wa kwenda redioni. Vipimo hivyo ni vya bendi iitwayo mita 20 kwa urefu wa wimbi lake, yaani masafa ya 14.074 MHz. Ukitaka bendi ya mita 10, kata waya mita mbili na nusu kila upande.

Kuhusu redio, usiingie gharama kubwa. Kuna kile kifaa kidogo kama flashi kinachoitwa RTL-SDR, ambacho chipu yake ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za kidijitali. Vingi vya bei nafuu huanzia kama 24 MHz kwenda juu, kwa hiyo anza navyo kwenye 28.074 MHz mchana. Toleo la 4 linashuka vizuri hadi masafa ya chini. Sauti kutoka programu ya kifaa hicho huingia WSJT-X kupitia kebo ya kiprogramu ndani ya kompyuta, kwa mfano VB-CABLE. Kama una redio ya masafa mafupi yenye SSB (upokeaji wa ukanda mmoja wa mawimbi), weka spika yake karibu na maikrofoni ya laptopu na itafanya kazi, nimeshajaribu. Redio isiyo na SSB itakupotezea muda. Chagua USB, na hapa USB ni ukanda wa juu wa mawimbi, si lile tundu la kuchomekea flashi. Na kama huna redio kabisa, fungua kwenye kivinjari kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, ujizoeshe kutambua sauti. Utakuwa unasikia anga ya Ulaya, si ya kwetu, lakini sikio litajifunza.

Mistari ikianza kushuka, usiangalie majina tu. Safu ya DT inaonyesha kila mtu anapishana na saa yako kwa kiasi gani. Mmoja akiwa na 1.4, saa yake ndiyo mbovu. Wote wakiwa na 1.4, ni yako. Hiki ndicho kitu ningependa ningeambiwa mapema, maana saa huanza kuteleza taratibu, na safu hii inakuonya kabla dirisha halijawa tupu. Mstari wenye alama ya kuuliza mwishoni usiuamini haraka, hasa ukiwa na hasi 24 na herufi za nchi usiyoielewa. Wakati mwingine programu huona sura kwenye mawingu.

Na saa ya UTC, ile ya dunia nzima ambayo programu huitumia, isikutishe. Sisi wa saa za Kiswahili tuna njia yetu: chukua saa yetu, ongeza tatu. Saa tatu asubuhi ni 06:00 UTC, saa tisa alasiri ni 12:00. Usiku ongeza tatu na kumi na mbili juu yake, saa mbili usiku ikawa 17:00. Ninaandika kwenye daftari saa, masafa, herufi za mtu na nguvu yake. Wiki mbili zilitosha kunionyesha kwamba hapa kwangu baada ya magharibi mita 20 inafunguka Ulaya, na usiku mzito nihamie 7.074 MHz.

Ukitaka kubadilisha ladha, programu nyingine iitwayo fldigi husoma PSK31, namna nyingine ya kutuma maandishi, karibu na 14.070 MHz, ambako watu huandikiana sentensi kamili na unaziona zikijitokeza herufi kwa herufi. FT8 haina nafasi ya maongezi, ujumbe wa kujiandikia ni herufi 13 tu. Na Kituo cha Kimataifa cha Anga kikiwa na zoezi la kutuma picha, hutuma kwenye 145.800 MHz kwa FM, na simu yenye programu ya Robot36 iliyoshikwa karibu na redio inatosha kuichora picha mstari kwa mstari kwa dakika mbili.

Kurusha ni jambo jingine, linahitaji leseni na herufi za utambulisho: Tanzania nenda TCRA, Kenya nenda Mamlaka ya Mawasiliano. Tafadhali usijibunie herufi zinazoanza na 5H (za Tanzania) au 5Z (za Kenya) kwa sababu tu programu imekuuliza jina. Unaposikiliza tu, weka utambulisho wa msikilizaji na mraba wa mahali ulipo, yaani alama ya kipande chako cha ramani ya dunia. Dar es Salaam na Unguja ni KI93, Mombasa KI95, Nairobi KI88. Kisha ruhusu programu ipeleke taarifa PSK Reporter, tovuti inayoonyesha nani amesikika wapi. Fungua ramani yake utaona Ulaya imefunikwa na vipokezi, huku pwani yetu madoa ni ya kuhesabu. Mtu wa Osaka au Naples anayejaribu antena yake mpya anajua imefika Afrika Mashariki kwa sababu kuna mtu huku aliyeacha laptopu wazi.

Doa la KI94 ni langu. Mzee akipita jioni huuliza kwanza kama saa ya laptopu iko sawa, ndipo anavuta kiti.