Kabula na akika iliyokwama

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga, nilisilimu kabla ya kuoa. Mke wangu ni mtu wa Tanga na ndiko tunakoishi. Tumejaaliwa binti. Alizaliwa mvua inanyesha, na mama yangu, ambaye si Mwislamu, akampa jina la Kabula kama ilivyo desturi yetu. Ustadhi wa mtaani amekataa kusimamia akika (mbuzi anayechinjwa kwa ajili ya mtoto aliyezaliwa) mpaka tulibadilishe, anasema ni jina la kikafiri. Nilipomweleza mama alikata simu, na hadi leo hapokei. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam. Hongera kwa binti, Mwenyezi Mungu amkuze katika kheri. Jina hilo halina kosa. Kabula ni mtoto wa mvua, na maji ya mvua Qur'ani imeyaita yenye baraka (Qaf, 9).

Kauli ya kwamba jina la Mwislamu lazima liwe la Kiarabu imeenea mno siku hizi, na haina mguu wa kusimamia. Umar, Hamza na Khadija walipewa majina yao zama za ujahili, yaani kabla ya Uislamu, na Mtume (s.a.w.) hakuyagusa. Abdul-Uzza, jina halisi la Abu Lahab, ami yake Mtume aliyempinga, ni Kiarabu safi cha Makureshi na ni shirki tupu. Firuz wa Yemen, Mwajemi, alisilimu akabaki Firuz. Mtume alibadilisha maana mbaya: Asiya (kwa herufi ya swadi, yaani muasi, si yule mke wa Firauni) akamwita Jamila, kama alivyopokea Imam Muslim katika kitabu chake cha hadithi.

Ustadhi huenda akakutolea hadithi ya "anayejifananisha na watu ni katika wao". Sawa, lakini Kabula ni alama ya dini gani? Ni jina la Wasukuma, nao wamo Waislamu na wasio Waislamu, kama Makame na Kombo yalivyo ya Unguja na Pemba. Sijamwona bado Makame aliyeambiwa atoe shahada upya.

Tena sisi watu wa pwani tuna yetu ya kujibu. Mtoto anaitwa Shida, Tabu au Mashaka, kwa sababu tu mwaka ule baba yake alikuwa hana kazi. Babu yake Said bin Musayyib, mwanachuoni wa Madina, aliitwa Hazn, yaani ugumu. Mtume akataka amwite Sahl, yeye akakataa, na Said anasema ule ugumu haukuwatoka tena (Bukhari). Ustadhi angeanzia hapo, mtaani kwake mwenyewe.

Nakutahadharisha jambo moja. Ziko familia ambazo mtoto akilia sana huendewa mganga, aseme ni mzimu gani unaotaka jina lake. Jina likitoka huko na tambiko juu yake, kosa ni ile itikadi. Wewe umesema ni mvua, basi yamekwisha.

Linalonisumbua zaidi ni mama yako. Alisikia kwamba zawadi yake imerudishwa, na kwamba dini yako inamtenga na mjukuu. Asma bint Abubakar alimuuliza Mtume kuhusu mama yake aliyekuwa bado mshirikina, akaambiwa aunge naye udugu. Simu acha. Panda basi uende Shinyanga na mkeo na mtoto, au tanguliza shangazi yako azungumze naye kwanza. Akishampakata mjukuu, mwambie jina limebaki. Usimhubirie siku hiyo.

Mkeo akitaka na la kwao, Mwanaidi au Amina, muongezeeni, hakuna ubaya mtoto kuwa na majina mawili.

Akika haisubiri jina. Siku ya saba ikishapita bado unaweza kuchinja, na kwa binti mbuzi mmoja anatosha. Ustadhi akigoma, chinja mwenyewe: piga bismillahi, useme hii ni akika ya Kabula.