Mbona filamu inauza tiketi za dola milioni 400 na bado ni hasara?

Mwenzetu ameuliza: filamu imegharimu dola milioni 200, imeuza tiketi za milioni 400, studio inaliaje hasara? Nimefanya kazi ya kuwakatia watu tiketi miaka minne katika jumba moja la sinema hapa Kisumu, kwa hivyo hesabu hii naijua.

Pesa ya tiketi hugawanywa. Karibu nusu hubaki kwa wenye majumba, na kule China studio huambulia kama robo tu. Basi ile milioni 400 inayotangazwa, studio hushika kama 200 hivi. Na bado hujatoa matangazo, ambayo kwa filamu kubwa hupita milioni 100. Ndiyo maana watu wa kazi hii hukadiria kwamba filamu iuze tiketi za mara mbili na nusu ya bajeti kabla ya faida kuonekana.

Filamu kubwa za namna hii Hollywood huziita nguzo za hema, maana ndizo zinazobeba hasara za filamu nyingine zote za mwaka. Black Panther ya 2018 iliingiza zaidi ya bilioni 1.3, na hapa Kisumu, kwao Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake, tuliifanyia uzinduzi wetu. Nguzo ikianguka nayo, huumiza: mwaka 2012 Disney ilitangaza kupoteza takriban milioni 200 kwa John Carter peke yake, na mkuu wa studio akajiuzulu.

Linaloniuma mimi ni masharti ya studio. Filamu kubwa ilitufikia kwa basi kutoka Nairobi, ndani ya diski iliyofungwa. Ufunguo wake, yaani msimbo wa kompyuta, ulikuja kwa barua pepe na haukufungua kitu kabla ya saa waliyoipanga wao. Mkataba nao ulidai maonyesho yote ya jioni, wiki mbili mfululizo.

Wiki hizo tulikuwa na filamu ya kijana wa Nyalenda, mtaa wa hapa Kisumu. Ikasukumwa saa tano asubuhi, siku ya kazi. Alikuja na mamake, mama amevaa nguo za kanisani, wakakaa safu ya mbele. Niliwahesabu watu ukumbini: tisa, pamoja na hao wawili. Nilimwomba meneja ampe kijana walau Jumanne moja, saa moja jioni. Hakunijibu. Alifungua mkataba, akaweka kidole kwenye kile kifungu, akaningoja nisome.